Matheka na Weusi wa Sufuria ya Luul

Sogezeni vigoda, enyi wakazi wa Mbotela. Nanyi wa Huruma mnaokaa ghorofa ya sita, shukeni. Nanyi wa Mukuru kwa Njenga mnaorudi kutoka zamu kwa miguu, tueni mizigo hapa ukutani mpumue. Zimeni redio. Anayekaanga samaki na aipue. Nina habari ya vita, na vita hivyo havikupiganwa kwa upanga wala kwa mkuki, bali kwa ukwaju. Na aliyevipigana hakuwa sultani wala jemadari, bali Matheka wa Ndete, karani wa ghala la Industrial Area, mwenye kalamu tatu mfukoni, nguzo ya sauti ya tatu katika kwaya ya wanaume, ambaye kabla ya Jumamosi ile hakuwa ameosha chombo kikubwa kuliko kikombe.

Nitasema kweli tupu, kwa kuwa nilikuwapo. Mimi ni Muasya, sauti ya nne, jirani yake wa mlango wa tatu, na katika dhambi nitakayoisimulia nilikula sahani mbili.

Kwanza mjue sufuria. Ilikuwa ya alumini, pana kiasi cha kumeza mbuzi mzima na wali wake, yenye masikio mawili ambayo hayashikwi ila na watu wawili. Bibi Luul aliinunua mwaka aliofika Nairobi, kabla hajanunua godoro, na kwenye ukingo wake akagonga jina lake kwa msumari na nyundo, kitone kwa kitone, kama ilivyo desturi ya mitaa yetu, ambako sufuria huazimwa kwa arusi na kwa matanga hata ikasahau kwao. Katika sufuria hiyo ulipikwa wali wa arusi za watoto wake wote. Alipofariki, miaka sita iliyopita, ikamwendea binti yake Qamar, mama wa Hodo, mwuza vitambaa, ambaye ukuta wa nyumba yake na ukuta wa nyumba ya Matheka ni mmoja. Tangu hapo ilikuwa safi lakini imefifia, rangi ya kijivu kama anga ya Julai. Na Qamar hakumwazima mtu yeyote chini ya jua ila Kathini, mke wa Matheka, kwa maana wawili hao wamelea watoto wao kwa kupokezana, huyu akienda sokoni yule akibaki na wote.

Kathini aliiazima kwa sherehe ya akina mama wa kanisa, akaiosha, akaiweka juu ya kabati, akafunga safari kwenda Kitui kumwona mamake. Mlangoni akageuka na kutoa amri.

"Baba Nzivo, hiyo sufuria si yetu. Jumamosi saa kumi Mama Hodo anakuja kuichukua, kwa sababu Jumapili ni nikaha ya Hodo. Wewe mpe tu. Usiipikie hata chai. Nimempa neno langu, umesikia? Neno langu."

Matheka akaapa kwa jina la ukoo wake. Lakini alikuwa akivaa soksi, na nadhani kiapo hakikushika vizuri.

Ikafika Jumamosi, na pamoja nayo ikafika kwaya ya wanaume, watu kumi na wanne, kwa mazoezi na kwa chakula cha mchana. Shujaa wetu alikuwa amewaahidi isyo, mahindi na maharagwe ya kwao, apike kwa mkono wake mwenyewe, ili ijulikane kwamba mke akisafiri nyumba haifungwi. Sufuria yake kubwa inatosha watu sita. Aliitazama, akatutazama sisi, akainua macho juu ya kabati. Enyi macho, mmeponza wangapi! Saa tatu asubuhi sufuria ya Luul ilikuwa jikoni juu ya moto.

Hilo lingesameheka. Lakini saa tano mahindi yalikuwa bado magumu, na besi tulikwisha kuanza kuimba kwa hasira. Sasa, katika nyumba zetu sisi watu wa Ukambani, mahindi yakikaidi hutiwa magadi, na Kathini hutia ncha ya kijiko. Matheka alikuwa amewahi kuona tendo hilo kwa mbali, akiwa sebuleni na gazeti. Akatia konzi nzima. Kisha akatia konzi ya pili kwa heshima ya kwaya. Kumbukeni kwamba kwa Qamar magadi hayajawahi kuvuka kizingiti. Sufuria ile ilikuwa imeishi maisha yake yote kwa wali, nyama na iliki, na haikujua kwamba kuna jambo kama hilo duniani. Ilitoa povu, ikanung'unika, na sisi tukadhani ni chakula kinaiva.

Kiliiva kweli. Tulikula, tukasifu, tukaongeza. Saa saba Matheka akakwangua mabaki, akamwaga maji, akachungulia ndani, na hapo nikasikia kutoka jikoni sauti ya tatu ikipanda mpaka ya kwanza.

Sufuria ilikuwa nyeusi. Si weusi wa moshi, ambao kila mama anaujua na kuudharau, bali weusi ulioshika ndani ya metali yenyewe, kutoka kitako hadi pale isyo ilipofikia, ukakata mstari mmoja ulionyooka kuzunguka pande zote, na juu ya mstari huo kijivu kimekaa kwa amani kama hakikuhusika.

"Muasya," akasema, "niambie kwamba hii itatoka."

Nikamwambia itatoka. Nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba huwa na matumaini.

Akavua shati la kwaya, akakunja suruali, akatwaa waya wa kuoshea vyombo, akaingia vitani. Alisugua kwa mkono wa kuume hadi ukafa ganzi, akasugua kwa wa kushoto. Jasho likamtoka, kalamu zikamdondoka kutoka mfuko wa suruali moja moja. Alipomwaga maji tukaona matunda ya kazi: weusi umekaa palepale, na katikati yake mkwaruzo mmoja, mrefu kama kidole. Aliuona, akauachilia waya kana kwamba umemwuma. Wanakwaya, walipoona hayo, wakakumbuka kila mmoja ana mazishi mahali. Nikabaki mimi, kwa ajili ya zile sahani mbili.

Ndipo Matheka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuhutubia ukuta wa Qamar. "Ewe ukuta," akasema, "upande wako wa pili anakaa mama aliyemwazima mke wangu kitu ambacho hamwazimi dada yake. Kesho binti yake anaolewa. Na mimi, mtu mzima, mwenye cheti cha uhasibu, nimekipikia magadi! Mke wangu hana mali nyingi. Ana neno lake. Nimelila leo na maharagwe." Katika mitaa hii unaweza kununua sufuria nyingine kabla ya jua kutua, lakini jirani wa miaka kumi na tisa hauzwi dukani.

Ilikuwa karibu saa nane.

Nikamshika mkono, tukaenda kwa Opicho. Opicho ni fundi wa betri za magari, karibu na Jogoo Road, mwenye suruali iliyojaa vitundu vya asidi, na watu wamekuwa wakimshauri anunue nyingine, naye husema vitundu hivyo ndivyo cheti chake. Tukamweleza. Matheka akahitimisha kwa kishindo: "Nipe asidi, fundi! Niitie ndani niuchome weusi huu hadi kizazi chake cha mwisho!"

Opicho akafuta mikono taratibu.

"Baba Nzivo, wacha kwanza. Hii kitu haina mchezo. Ukimwaga hii ndani ya hiyo sufuria, Mama Hodo atakuja kuchukua chujio. Keti hapo nikuonyeshe. Na hakuna mtu kuwasha sigara, sawa? Hizo mapovu utaona ni hewa ya kushika moto."

Akatwaa bakuli la kioo, akatia ndani yake asidi ya betri iliyokwisha kupunguzwa kwa maji, akaliweka juu ya meza mbele ya mlango. Kisha akawaita uwanjani mashujaa wanne, nami naomba nguvu niwataje kama walivyostahili.

Wa kwanza alikuwa Shaba, kipande cha waya mwekundu kilichotolewa kwenye mota iliyoungua. Akazama, akatua chini, akalala. Asidi ikamzunguka, ikamgusa huku na huku, ikakata tamaa. Hapakutoka povu hata moja. "Huyo hata umweke hapo mpaka kesho, hana habari na wewe," akasema Opicho.

Wa pili alikuwa Chuma, msumari wa inchi tatu. Yeye alisita, kisha vipovu vidogo vikaanza kupanda ubavuni mwake, bila haraka, mtu wa kazi za kutwa.

Wa tatu alikuwa Zinki, ngozi ya kipande cha ndoo ya mabati. Ole wake Zinki, mwenye hamaki! Hakuigusa asidi ila alilipuka kwa mapovu, akachemka bila jiko, akafoka, akatoa mvuke wenye kukwangua koo, na tulipotazama tena ndoo ilikuwa imevuliwa ngozi na chini yake chuma kitupu.

"Sasa cheki huyu," akasema Opicho, na sauti yake ikawa ya mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima. Akatumbukiza kipande cha alumini kutoka kwa sufuria kuukuu.

Alumini akatulia. Tukangoja. Akatulia bado, na Matheka uso ukamng'aa.

"Umeona? Hadhuriki!"

"Ngoja, mzee. Huyu amevaa koti. Alumini siku zote huwa na koti, nyembamba hata huioni, na hiyo ndiyo inamkinga. Hapo asidi inakula koti kwanza. Ikimaliza koti, inakula mwenyewe." Na kweli, alipokuwa bado anasema, povu moja likatokea, kisha la pili, kisha kipande chote kikawa kinachemka, na tulipokitoa kwa koleo kilikuwa kimechakaa.

Opicho akasimama. Ninyi mnaomjua mnajua kwamba hasimami bure. "Baba Nzivo, nisikize. Magadi imekula koti ya hiyo sufuria, ikaivalisha ingine chafu. Huo weusi ni nguo tu. Unataka asidi ya kuvua nguo bila kuchuna ngozi. Asidi pole. Limau ni asidi. Siki ni asidi. Ukwaju ni asidi. Chemsha, simama hapo, usiende popote. Ukiona metali inaanza kucheka, ipua hiyo dakika. Tamaa ikikuambia ongeza kidogo, kataa. Ukiongeza, unaanza kumpikia Mama Hodo sufuria yenyewe."

Matheka akampa mkono wa kiume, na machozi yakamlenga. Kwani alikumbuka kwamba nyumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na mfuko wa ukwaju kutoka Kitui, ambao mama mkwe wake aliuchuma na kuumenya kwa vidole vyake, akaufunga kwa kamba mara nne, akamtumia Kathini ili umfikishe hadi Krismasi.

Tukarudi mbio. Saa nane na nusu maji yalikuwa yamefika pale kwenye mstari mweusi, kwani weusi wote lazima uzame. Akafungua mfuko. Akatia konzi moja, akaonja, akasema hapana. Akatia robo, akatia nusu. Mwisho akafumba macho, akaukung'uta mfuko wote wa mama mkwe, ukwaju wa miezi mitano, pamoja na maganda ya malimau manane aliyoyakamua humohumo. Sijaona sadaka kubwa kuliko ile ikitolewa na mtu aliyejua atakuja kuulizwa.

Na hapo, watu wangu, simu ikalia. Ilikuwa Kathini.

"Baba Nzivo, habari ya huko? Sufuria iko wapi?"

"Iko jikoni, mama."

"Jikoni inafanya nini?"

"Imetulia."

"Inang'aa?"

Matheka akachungulia ndani ya mvuke. "Inaelekea," akasema, na mtandao, ambao kwa kawaida hukatika tukiwa tunatuma sala, ukakatika kwa wakati wake.

Ikaanza saa ya kungoja. Alisimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, mvuke mchachu ukimpanda puani. Hakuketi. Hakumjibu aliyebisha hodi kuuliza kama kuna chakula kimebaki. Dakika kumi, si kitu. Dakika kumi na tano, maji yakageuka rangi ya kutu. Kisha Matheka akasukuma mwiko ubavuni, akakwangua kidogo tu, na weusi ukaachia! Ukatoka kama ukoko wa wali uliolowekwa, na pale ulipotoka palikuwa peupe, weupe ambao mimi sijauona kwenye sufuria tangu dukani. Ukaachia upande wa ukuta, ukaachia upande wa mlango, mstari ukavunjika, ukatoweka. Metali ikaanza kucheka.

Likabaki doa moja kitakoni, ukubwa wa kiganja, jeusi, jeuri, halitaki kuondoka.

"Ngoja dakika tano," nikasema. Nakiri mbele yenu kwamba ni mimi niliyesema. "Hilo nalo litoke."

Akalitazama lile doa. Nikaona tamaa ikimpanda usoni. Mtu aliyeosha vikombe tu maisha yake yote alikuwa mbele ya ushindi kamili, na kilichobaki ni kusubiri.

"La," akasema. "Sufuria si yangu. Shika sikio."

Nikashika sikio moja, yeye la pili, tukaipua ile bahari ya ukwaju, tukaiyumbisha hadi mferejini, tukaimwaga. Kisha akapiga magoti kwenye saruji, akachukua nusu ya limau aliyoiweka kando, akalisugua doa lile kwa mkono, polepole, kwa mzunguko, bila waya, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Likaondoka. Akasuuza mara saba. Saa kumi kasoro dakika nne akaifuta kwa taulo lake la kuogea.

Saa kumi kamili Qamar akabisha.

"Baba Nzivo, hamjambo? Mama Nzivo hajarudi? Nimekuja kuchukua mzigo wangu, vijana wako nje watanibebea."

"Karibu, Mama Hodo. Karibu sana. Iko hapa, kama ilivyokuwa." Alikuwa ameandaa hotuba nzima kuhusu hali ya hewa.

Qamar akainama kuchungulia ndani, na hakuinuka. Alikaa ameinama kwa muda mrefu hata Matheka akaanza kunichoma kwa macho, kana kwamba mimi ndimi niliyetia magadi. Kidole cha Qamar kikapita kitakoni, kikafika kwenye ule mkwaruzo, kikasimama.

"Baba Nzivo," akasema bado ameinama, "mwanamume hasafishi sufuria hivi bila sababu. Umefanya nini?"

Hotuba ikayeyuka. Matheka akasimama wima, mikono ubavuni, akakiri yote tangu soksi: isyo, konzi ya kwanza, konzi ya pili, waya, asidi ya Opicho, ukwaju wote wa mama mkwe. "Kathini hakujua lolote," akamaliza. "Neno lake liko vilevile. Lililovunjika ni langu. Kama ni hasira, Mama Hodo, iishie kwangu, isipite ukutani."

Qamar akainuka. Alikuwa akilia, na alikuwa akicheka, akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ukwaju," akasema. "Mama alikuwa anafunga mlango wa jikoni siku moja kabla ya arusi. Hakuna mtu kuingia. Akitoka, sufuria iko hivi, unaona uso wako. Mimi nilikuwa nasikia tu ile harufu kali, nikadhani anapika kitu. Miaka sita nimesugua hii sufuria, Baba Nzivo. Sabuni, majivu, kila kitu. Nikasema basi, ule mng'aro tulimzika nao." Akaitazama tena. "Kesho Hodo anaolewa, na mimi nilikuwa nimeogopa kupika."

Nami, niliyekuja na mzaha mdomoni, niliumeza.

Kisha Qamar akavuta pumzi, akawa yule Qamar wa kila siku, anayeweza kuuza kitambaa kwa kipofu.

"Leteni msumari. Na nyundo."

Tukaleta. Akaigeuza sufuria kwenye mapaja yake, na pale ukingoni, mkabala na jina la mamake, akaanza kugonga, kitone kwa kitone. Majirani wakatoka kuuliza kuna ujenzi gani. Aligonga kwa robo saa. Alipomaliza akapuliza vumbi, akamwonyesha Matheka, na Matheka akasoma kwa sauti, akasoma mara ya pili, na kifua kikamjaa kama aliyevishwa nishani na serikali.

Jumapili wali ulipikwa, Hodo akaolewa, na mimi nikala sahani mbili. Kathini alirudi Jumatatu, akatafuta ukwaju wake, akaambiwa. Yaliyofuata hayamo katika simulizi hii, kwa kuwa mlango ulifungwa na ukuta ule ni mnene.

Haya ndiyo yaliyotukia Mbotela, siku karani alipoushinda weusi bila kuijeruhi metali, na akajua dakika ya kuipua. Anayebisha asibishane nami. Na aende kwa Qamar, aombe kwa adabu, aipindue sufuria asome mwenyewe. Upande huu imeandikwa LUUL. Upande wa pili imeandikwa MATHEKA AOSHE, ASIPIKE.